Reli Ilipoipita Ujiji



Kabla ya reli, safari ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilichukua miezi mitatu au zaidi. Wapagazi walipanda bara na vitambaa na shanga, wakashuka pwani na pembe za ndovu. Tusifiche: njia hiyo walipitishwa watumwa pia, na mikopo ya matajiri wa Kihindi wa Zanzibar iliigharimia misafara hiyo.

Reli iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Soko lilikuwa Ujiji, lakini wajenzi waliichagua ghuba ya Kigoma yenye kina na kinga dhidi ya mawimbi. Hata meli tunayoiita leo Liemba ililetwa vipande vipande kwa reli hiyo. Hivyo, kwa tofauti ya kilomita chache tu, mji uliokuwa kituo kikuu cha misafara ukaachwa kando.

Leo reli ya kisasa inajengwa kuja kwetu. Bidhaa hufuata reli, na faida hufuata bidhaa. Jirani hubaki alipo. Kwa hiyo sisi wenye maduka na maghala tuanze sasa kununua mawese na dagaa kwa wenzetu wa Ujiji na vijiji vya ufukweni, kwa mizani ya haki na malipo ya papo kwa papo. Treni isituneemeshe sisi peke yetu.