Moyo Unapokosa Mpangilio

Ndugu msikilizaji, hebu weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika moja nzima. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100. Lakini wiki hii sina haja na wingi wake. Nataka usikilize mpangilio.

Moyo kuruka pigo moja mara mojamoja huwapata wengi, na mara nyingi si neno. Ya kuogopwa ni ile hali ambapo vyumba viwili vya juu vya moyo huacha kupiga sawasawa, vikabaki vikitetemeka. Mkononi mapigo huja ovyo ovyo. Damu hutuama mle ndani, huganda, na donge likichomoka likafika ubongoni, hicho ni kiharusi. Hatari yake kwa mtu wa hali hii ni karibu mara tano ya mwenzake.

Wengine hawasikii lolote. Wengine moyo huwaenda mbio, ngazi chache huwachosha, na mtaani huambiwa ni jini au mawazo. Hospitali nako kuna mtego, kwani mapigo haya huja na kuondoka. Ukipimwa ECG, kile kipimo cha nyaya kifuani, moyo ukiwa umetulia, karatasi itakuonyesha u mzima. Haidanganyi, imesoma sekunde 10 tu. Basi nenda wakati hali imekushika, au mwulize daktari juu ya kile kifaa cha kuvaa saa 24. Naye atafute chanzo: presha, tezi ya shingo, pombe, au valvu za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni.

Tiba huwa ni dawa za kupunguza mbio na, kwa wengi, za kuzuia damu isigande. Aspirini haishiki nafasi ya hizo. Ya zamani, warfarini, inataka kupimwa damu mara kwa mara, na hilo ni usumbufu na nauli. Hata hivyo, kwa wenye valvu zilizoharibiwa na baridi yabisi, utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa dawa za jamii hiyo ziliwafaa kuliko mojawapo ya dawa mpya. Anayeitumia hakatazwi mchicha wala kisamvu. Ale kiasi kilekile kila wiki, maana mboga hizo zikizidi ghafla dawa hupungua nguvu. Akiona damu chooni, arudi hospitali siku hiyohiyo. Na asiache vidonge eti kwa kuwa moyo umetulia wiki mbili. Kliniki ndiyo imwambie.