Nguzo za Isimila
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama)



Nimeombwa kusema machache juu ya mahali panapostahili kuzuriwa wakati wa likizo. Nimechagua Isimila, korongo lililoko kilometa 20 hivi kutoka mji wa Iringa, upande wa njia kuu iendayo Mbeya.

Atokaye barabarani haoni kitu ila nyika. Mara ardhi yakatika mbele ya miguu yake, na humo korongoni zasimama nguzo ndefu za mchanga na udongo ulioshikamana, nyingine zina kofia ya tabaka gumu. Hakuna fundi aliyezijenga. Hapo kale palikuwa na ziwa dogo lisilo na kina. Vijito vikaleta mchanga na udongo, tabaka juu ya tabaka. Ziwa likakauka, na baada ya miaka mingi maji ya mvua yakaanza kuchimba. Palipokuwa laini yakapachukua. Palipokuwa na tabaka gumu, udongo ulio chini yake ukakingwa, kama mtu aliye chini ya mwavuli.

Maji hayo yalifanya na kazi ya pili: yalifunua zana za mawe zilizofukiwa. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja aliziona akaziokota. Na mwaka 1957 na 1958 Profesa F. Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago alichimba hapo pamoja na wenzake. Wakapata mashoka ya mkono yasiyo na mpini, na mifupa ya viboko na tembo wa aina zilizokwisha kutoweka duniani. Kipimo kimoja cha wataalamu kilionyesha umri wa miaka 260,000 hivi.

Mabwana, sisi makarani twajua maana ya jalada. Karatasi iliyochomolewa jaladani haielezi tena ilitanguliwa na nini, wala ilifuatwa na nini. Ndivyo lilivyo jiwe la Isimila: likilala mahali pake, latuambia ni la tabaka gani na liliachwa pamoja na vitu gani, likitiwa mfukoni, limenyamaza. Na jalada hili lilifunguliwa na maji, na maji hayo hayo yanalifuta. Kila masika huondoa kidogo, nasi hatuna amri juu ya mvua. Juu ya mikono yetu tunayo.

Kwa hiyo nawasihi mambo matatu. Nendeni wakati wa kiangazi, njia za korongoni zikiwa kavu. Mfuateni kiongozi wa mahali, wala msipande juu ya nguzo au kuchora majina yenu. Tena msiondoke na jiwe, hata likiwa dogo kama kidole. Mwenye watoto na awachukue pia, wakaone kazi ya mikono ya watu wasiojua kuandika, ambao hawakutuachia barua nyingine ila hiyo.