Mgonjwa Naye Ana Neno

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Chumbageni, Tanga)



Nimeombwa nizungumzie afya. Mimi si mganga. Ni mtumishi wa serikali ambaye kazi yake ni kupanga maendeleo pamoja na wananchi. Basi nitasema juu ya watu wanaopewa dawa kuliko dawa zenyewe.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Kwa majuma 12 watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakajadiliana juu ya malaria, minyoo, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu. Nguvu ya kampeni ile ilikuwa katika mazungumzo yaliyofuata baada ya redio kuzimwa, kikundi kilipojiuliza: Je, hapa kwetu tufanye nini? Ndipo vyoo vikachimbwa na madimbwi yakafukiwa.

Sasa tutazame maradhi ya kwetu pwani: matende na mabusha. Wengi tulikua tukiambiwa kwamba busha huletwa na kunywa madafu mengi. Sivyo. Huletwa na minyoo midogo sana inayoenezwa na mbu, na hapa mjini mbu hao huzaliana katika vyoo vya shimo vyenye maji na katika makaro. Taifa lilianza kugawa kingatiba mwaka 2000 kisiwani Mafia, na mwaka 2004 ikafika Mkoa wa Tanga. Vidonge vya ivermectin na albendazole vilimezwa mara moja kwa mwaka, na mgawaji alimpima mtu urefu ili ajue ampe vingapi. Ili maambukizi yakatike, yatakiwa angalau watu 65 katika kila 100 wameze, tena kwa miaka mitano au zaidi.

Hapo ndipo penye kazi. Mtu anayejiona mzima ameze dawa ya nini? Uvumi nao ukaenea kwamba vidonge vinaondoa uzazi. Katika mkutano mmoja niliohudhuria, kijana alisimama akauliza: "Mbona ya ugonjwa tusioumwa mnatupa bure, na ya homa tunaambiwa tukanunue?" Ofisa mmoja akamkemea kuwa anapinga maendeleo. Watu wakaanza kuondoka. Aliyewarudisha alikuwa mzee mwenye busha, aliyesimama kwa shida akasema: "Mwanangu, nilipokuwa na umri wako mimi nami sikuumwa." Kisha akaeleza maisha yake, bila kuficha. Siku ile waliomeza walikuwa wengi.

Ndugu zangu, swali la yule kijana halikuwa la ujinga. Lilistahili jibu, na aliyekuwa na jibu la kuaminika ni mgonjwa.

Tena, mwenye matende akiosha mguu kila siku kwa maji na sabuni, akaukausha vizuri hata katikati ya vidole, na akauinua anapopumzika, vipindi vya homa na maumivu hupungua. Kazi hiyo ya kila siku hataifanya daktari wa Bombo. Ni ya mgonjwa mwenyewe na watu wa nyumbani kwake. Busha nalo hupasuliwa, lakini mwanamume anayeona haya hukaa nalo miaka na miaka, akikosa kazi na hata kuacha kwenda harusini.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Wanafunzi, msimcheke mwenye maradhi haya. Kaeni naye, mwulizeni, na mkipewa dawa ulizeni ni ya nini mpaka mwelewe, kisha mkaeleze nyumbani. Na sisi wa zamani, tulio waganga, wauguzi, wahandisi na watu wa maofisini: kabla hatujaandika mpango wowote wa afya ya mtaa, twende tukakae barazani na wenye mtaa. Tuwapo huko, anayeuliza swali gumu tusimfukuze. Pengine ndiye peke yake aliyesikiliza.