Kazi Iliyosimama Uani

  

Tafakari yetu ya leo inatoka katika kitabu cha nabii Hagai, sura ya kwanza, na katika kitabu cha Ezra, sura ya tatu hadi ya sita. Habari yenyewe mnaifahamu. Mfalme Koreshi aliwaruhusu watu wa Yuda warudi kwao kutoka uhamishoni, yapata mwaka 538 kabla ya Kristo, ili waijenge tena nyumba ya Bwana. Walirudi, wakauweka msingi kwa shangwe kubwa. Kisha upinzani ukatokea, mikono ikalegea, na kazi ikasimama. Ilisimama hata mwaka wa pili wa mfalme Dario, yaani 520 kabla ya Kristo. Katika miaka hiyo yote watu hawakusema kwamba wameiacha nyumba ya Mungu. Walisema tu kwamba wakati wake haujafika. Na wakati huo huo nyumba zao wenyewe walizipamba kwa mbao nzuri.

Tunaomba ruhusa yenu tuieleze habari hii kwa mfano wa kwetu nyumbani. Ni mfano unaotuaibisha kidogo, lakini Neno la Mungu haliogopi aibu ya mhubiri.

Sisi ni ndugu wawili, na mmoja wetu ndiye anayesema nanyi. Baba yetu alikuwa dereva. Alikuwa na Land Rover ya zamani, ya toleo lile la pili lililoundwa kati ya mwaka 1958 na 1971. Wazee wa Nkwenda na Isingiro wanayakumbuka magari ya namna ile. Msimu wa kahawa lilibeba magunia. Usiku lilibeba wagonjwa, na mara nyingi akina mama waliokuwa katika uchungu wa kuzaa, likishuka na barabara ya vumbi mpaka Omurushaka, kisha hospitali ya Nyakahanga. Mama yetu aliketi kiti cha mbele, akiwashika mkono wale wanawake kupitia nafasi ya kati ya viti. Wako watu wazima leo katika Kyerwa waliozaliwa kwa sababu gari lile liliwaka usiku ule.

Likachakaa. Sisi wakati huo tulikuwa mafundi vijana pale Omurushaka, na baba yetu akatukabidhi gari lake, akasema, “Lifufueni, wanangu. Msiliharakishe, ila msiliache.” Tukalifungua lote. Tukatoa milango, boneti, injini na giaboksi, tukavipanga chini ya mparachichi uani.

Kisha maisha yakageuka. Mmoja wetu alisikia wito wa kuhubiri, akaenda chuoni. Mwingine akapata nafasi ya kusomea ualimu. Tuliziacha spana zetu, na hatukukosea kuziacha. Kubadili kazi si dhambi. Petro aliziacha nyavu, Mathayo aliiacha meza ya ushuru, na Amosi aliwaacha kondoo. Mungu ndiye amwitaye mtu kutoka kazi hii kwenda ile.

Dhambi yetu ilikuwa nyingine. Ada ilipotupungukia, tuliiuza giaboksi ya baba yetu. Hatutawaambia ni nani kati yetu aliyetoa wazo, wala ni nani aliyepokea fedha, maana tulikula wote wawili. Tulivifunika vilivyosalia kwa turubai, tukaondoka. Na kila tuliporudi likizo, mzee alipotuuliza, “Lile gari limefika wapi?” tulimjibu, “Kazi inaendelea, baba.” Tulimjibu hivyo kwa miaka 19. Kuku walitaga mayai mahali palipokuwa na kiti cha mama. Naye mama akafariki, bila kuisikia tena sauti ya injini ile.

Ndugu wapendwa, tazameni jinsi neno dogo linavyoweza kuwa ukuta mrefu. Kama tungesema, “Baba, tumeshindwa,” angelia siku moja, akapata fundi mwingine. Lakini tulisema kazi inaendelea, naye akangoja. Hivyo ndivyo walivyofanya watu wa siku za Hagai. Asemaye kuwa wakati haujafika hajakataa, wala hajakubali. Amewafunga wengine katika kungoja kwake.

Baada ya mazishi ya mama yetu tuliamua kurudi kwenye ile kazi. Sasa sikieni tulivyorudi. Kitu cha kwanza tulichonunua kilikuwa rangi. Tulinunua makopo ya rangi ya kijani na msasa, tukaanza kuusugua mwili wa gari ili wapita njia waone kwamba wana wa mzee wamerudi.

Hapa inafaa tuwaeleze jambo moja juu ya magari haya. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1948, miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati ambapo chuma cha pua kilikuwa haba katika Uingereza. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya mwili wake iliundwa kwa alumini, ambayo haishikwi na kutu kama chuma. Lakini chesisi, ule uti wa mgongo unaobeba injini, watu na mizigo, ni ya chuma, nayo ni tupu ndani kama mwanzi. Maji na matope huingia humo na kukaa. Chuma kikaanza kuoza kutoka ndani kuja nje, huku mwili wa juu ukingali unang'aa. Mtu aweza kulitazama gari la namna hiyo akalisifu, kumbe limebaki kusimama kwa mazoea tu.

Baba yetu macho yake yamefifia, haoni vizuri. Alisikia harufu ya rangi, akatoka nje na fimbo yake. Akapapasa mpaka akaifikia chesisi. Akaokota jiwe, akaigonga mara tatu, akisikiliza. Kisha akasema, “Wanangu, mnaipaka rangi nyumba ya mchwa.”

Tulinyamaza. Ndipo mmoja wetu alipopiga magoti pale chini ya mparachichi, na mwingine akafuata, tukamwambia habari ya giaboksi. Mzee alikaa kimya kitambo kirefu. Halafu akasema, “Ya giaboksi nilijua mwaka ule ule. Aliyeinunua ni mtu wa kwetu. Nisilolijua ni kama mngerudi kuniambia.”

Wasikilizaji wapendwa, ndivyo ilivyo kwa Baba yetu wa mbinguni. Hatuungami ili apate habari. Habari anazo. Tunaungama ili sisi wenyewe tutoke katika uongo tuliojifungia. Maana toba haikai juu ya rangi. Ni lazima jiwe ligonge chesisi, mahali penye sauti ya utupu papatikane, na kilichooza kikatwe.

Kazi ya kweli ilianza siku ile. Nayo ilitufundisha mambo mawili tunayopenda kuwashirikisha.

La kwanza, tulirudi tukiwa wanafunzi. Mikono yetu ilikuwa imezoea chaki na Biblia. Tulidhani ufundi unatungoja pale tulipouacha, kumbe umetuacha sisi. Ikatubidi kumwomba kijana wa Omurushaka, ambaye tulipoondoka alikuwa mtoto mchanga, atukatie vyuma vilivyooza na kuchomelea vipya. Sisi tulimshikia taa. Hapo moyo ulinung'unika, tukakumbuka historia ya nchi yetu. Omukama Ndagara, baba yake Rumanyika yule aliyewapokea Speke na Grant mwaka 1861, anakumbukwa katika mapokeo ya Karagwe kuwa mfalme mfua chuma. Ikiwa mfalme hakuona aibu kushika nyundo, mchungaji na mwalimu ni nani hata waone aibu kushika taa?

Hata hivyo, miaka ya kazi nyingine haikupotea bure. Mwalimu aliandika kila nati na kila bolti katika daftari, jambo ambalo tulipokuwa mafundi vijana hatukulifanya, na ndiyo sababu vitu vingi vilipotea. Mhubiri alikuwa amejifunza kuketi na mtu na kumsikiliza bila kumkatiza, naye ndiye aliyemsikiliza mzee akieleza gari lake lilivyopenda kushikwa. Mungu akikurudisha mahali pa zamani, harudishi mtu yule wa zamani. Njoo na ulichojifunza.

La pili, tulitafuta mbali kilichokuwa karibu. Rejeta ilikuwa inavuja. Tulipokwenda kwa fundi wa kulehemu, tukamwuliza ile lehemu yake imetengenezwa kwa nini. Akatuambia ni risasi iliyochanganywa na bati. Tukatazamana. Bati! Madini yale yale ambayo vilima vya Kyerwa vimechimbwa kwa ajili yake kwa miaka mingi. Tangu utoto tumeikanyaga ardhi yenye kitu cha kuzibia matundu, nasi hatukujua. Ndugu yangu, huenda nawe unasubiri msaada kutoka Dar es Salaam au ng'ambo, na kumbe neno la kuiziba nyumba yako inayovuja liko kinywani mwako: “Nisamehe.”

Giaboksi tuliipata Bukoba, katika gari kuukuu lililokwisha kufa, nasi tukailipia zaidi ya mara kumi ya fedha tulizokula. Ndivyo lilivyo deni la uongo. Hukua likiwa limelala.

Siku ya kuliwasha gari, majirani walijaa uani. Mzee akauomba ule mkono wa chuma wa kuzungushia injini, tuliouita hendeli. Tulimshika viwiko. Mara ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu injini ikakohoa, ikashika. Watu wakapiga vigelegele. Mzee akainamisha kichwa, akisikiliza, kisha akasema, “Plagi moja haichomi.” Na ilikuwa kweli. Kisha akaizunguka Land Rover yake polepole mpaka mlango wa abiria, akapapasa kiti cha mbele, kiti cha mama, akaweka mkono wake juu yake bila kuuondoa. Sisi wanawe tulisimama pale tukiwa na furaha, na tukilia.

Ndipo tulipoielewa sura ya tatu ya Ezra. Msingi ulipowekwa, vijana walipaza sauti kwa furaha, lakini wazee walioiona nyumba ya kwanza walilia, hata isiweze kutambulika ipi ni sauti ya furaha na ipi ni ya kilio. Mungu hurejesha mambo mengi, lakini hatuahidi kwamba kuchelewa kwetu hakutakuwa na gharama. Gari limerudi. Mama hakulisikia. Tutayabeba yote mawili mpaka siku ile.

Wako watu duniani wanaofufua magari ya kale kwa ajili ya fahari. Huko Marekani, magari yenye injini kubwa za silinda 8, kama Pontiac GTO iliyotoka mwaka 1964, hufufuliwa kwa gharama nyingi, yakang'arishwa na kuonyeshwa. Hatuwahukumu, kuheshimu kazi ya mikono ya waliotutangulia ni jambo jema. Lakini sisi hatukuwa tukifufua chuma. Tulikuwa tukirudisha neno letu kwa mtu mmoja aliyelingoja.

Basi, mpendwa msikilizaji, uani kwako kuna nini kilichofunikwa kwa turubai? Pengine ni ndoa ambayo mbele ya watu ingali inang'aa. Pengine ni deni la ndugu aliyekuamini wakati wa kuuza kahawa. Pengine ni mtoto uliyemwahidi shule, au mzazi kijijini unayemwambia kila Krismasi kwamba mwakani utakuja kukaa naye. Si kila kazi iliyoachwa ni lazima irudiwe. Nyingine yafaa ifungwe kwa heshima. Lakini hakuna hata moja inayofaa kuachwa chini ya yale maneno, “Kazi inaendelea.” Leo hii, kabla jua halijatua Murongo, nenda kwa yule anayekungoja, umwambie kweli. Na kama yu hai, mshukuru Mungu kwamba yu hai.

Watu wa Yuda waliposikia Neno waliinuka, na katika mwaka wa sita wa Dario nyumba ilikamilika. Nasi tuinuke.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyetujua kabla hatujaungama, gonga ndani yetu mahali palipo patupu. Utupe ujasiri wa kusema kweli, unyenyekevu wa kujifunza upya, na uvumilivu wa kuimaliza kazi. Uwafariji wote waliongoja hata wakalala bila kuona. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.