Barabara na mpunga vinashinda fimbo

Maneno ya komite mbele ya wanachama, Wamaza



Kuna neno linazunguka katika mikutano yetu: kijana akikamatwa na bangi, jamaa yake iondolewe katika sanduku la chama. Kuna na lingine: tungoje watu wa misaada walete makuta ya kupigana na bangi. Leo tunapenda kujibu yote mawili.

Kwanza tujiulize, juu ya nini kijana anaacha mpunga? Sisi wa Kasongo na Kabambare tuko watu wa mpunga. Uliletwa Maniema karne ya 19 na wafanyabiashara waliotoka pwani, na tulipokuwa ukimbizini, wengine mpaka Nyarugusu kule Tanzania, tulikuwa tunaota mchele wa kwetu. Lakini gunia moja ya mpunga ni mzigo mzima wa kinga. Mvua ikinyesha, kinga inazama katika matope. Kwenye kila bariera unatoa kitu. Ukifika soko la Kasongo, faida imebaki njiani. Bangi yenyewe ni nyepesi: inaingia katika kifuko, inapita njia ya pori, na kwenye machimbo ya dhahabu wanunuzi hawakosekani. Kijana hakuzaliwa mbaya. Alipiga hesabu tu.

Nchi zenye makuta zilifundishwa jambo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 2000 Marekani ilianza kuisaidia Kolombia kwa mpango ulioitwa Plan Colombia. Mabilioni ya dola yalienda kule, sehemu kubwa kwa askari na helikopta, na ndege zilimwaga sumu juu ya mashamba ya koka. Mkulima akiharibiwa shamba, alihamia pori lingine. Mwaka 2015 serikali ya kule ilisimamisha kumwaga sumu kwa ndege, na mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulihesabu hekta 253,000 za koka.

Thailand walienda njia nyingine. Mwaka 1969 mfalme wao alianzisha mradi kwa watu wa milimani waliokuwa wakilima afyuni, na nchi za nje zikaongeza mkono. Watu walipewa miche ya kahawa na ya matunda, barabara, masomo na soko. Kung'oa kulikuja nyuma, wakati walikuwa tayari na kitu kingine cha kula. Ilichukua zaidi ya miaka 20, lakini leo milima ile inauza kahawa.

Na kwa majirani zetu Tanzania, mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa watu waliotekwa na heroini, kwa msaada wa Marekani. Walitibiwa kama wagonjwa, hawakufukuzwa.

Basi, watu wa misaada wakija kutuuliza, tusiseme tu maneno wanayopenda kusikia. Mtoaji anaogopa dawa za kulevya zisifike katika mitaa yake. Sisi tunaogopa njaa ya hapa. Tuwaambie: tusaidieni madaraja, tupeni mashini ya kukoboa, semeni na wakubwa bariera za bure ziondoke. Hiyo ndiyo kazi ya kupigana na bangi.

Lakini tusikae kungoja. Mwaka 2008 FIDA, mfuko wa kilimo wa Umoja wa Mataifa, ilikubali mpango wa PIRAM kwa ajili ya kilimo cha jimbo letu. Mpango kama ule uko na mwanzo na mwisho. Na mwaka 2025 USAID ilifungwa kwa sahihi iliyotiwa mbali sana na sisi. Msaada ni kama mvua: ikinyesha unapanda, lakini ghala unajenga mwenyewe.

Kwa hiyo komite inaleta mambo matatu. Moja, wakati wa mavuno sanduku linunue mpunga wa wanachama kwa bei ya haki, tuuweke, tuuuze bei ikipanda. Mbili, vijana wenye kinga wapewe kazi ya kuusafirisha, wakienda kundi moja na karatasi ya chama mkononi. Mtu peke yake anaonewaka kwenye bariera, watu kumi wanaheshimiwa. Tatu, kijana akishikwa, mama yake abaki mwanachama, na yeye mwenyewe akitoka apewe nafasi katika kundi la kinga. Tukimfukuza, wenye bangi watampokea. Wao hawakataaka mtu.

Tulipokuwa ukimbizini tulijua maana ya kufungiwa mlango. Tusiufunge sisi wenyewe hapa kwetu.

Anayekubali ainue mkono. Anayekataa aseme, tutamsikiliza.