Mtoto Aliyechelewa Kukaa na Kutembea



Wakati wa mavuno kila mkono una kazi. Mama hudamka kwenda kuchuma kahawa, baba hufikisha mzigo kwenye mizani ya chama, na watoto wakubwa huchota maji kabla ya kwenda shule. Katika baadhi ya nyumba hubaki mtoto mmoja asiyetajwa. Umri wake ni miaka miwili au mitatu, hajaweza kukaa peke yake, na anaponyanyuliwa miguu yake hukakamaa na kupishana kama mkasi. Hulazwa chali juu ya mkeka, mlango ukarudishwa, hata jioni. Mazungumzo haya yanamhusu yeye, na hasa yanahusu zile saa anazolala chali.

Si kila mtoto anayechelewa ana maradhi. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wenye afya katika Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatangaza matokeo. Karibu wote waliweza kukaa bila kushikwa kabla ya kutimiza miezi 9 na nusu, na kutembea peke yao kabla ya miezi 18. Wachache, kama 4 katika kila 100, hawakutambaa kwa mikono na magoti hata siku moja, na bado walitembea. Basi mzazi asitishwe na mtoto wa jirani aliyetangulia kwa mwezi mmoja au miwili. Lakini mipaka hiyo ikipita, kungoja si subira tena. Ni uzembe.

Sababu kubwa mojawapo ni mtindio wa ubongo, yaani madhara yaliyoupata ubongo mchanga kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au muda mfupi baadaye. Huenda mtoto alizaliwa njiti, au alichelewa kuvuta pumzi, au alipata umanjano mkali katika siku zake za kwanza. Wengine ni malaria iliyopanda ubongoni au homa ya uti wa mgongo. Hakuna hapo laana ya ukoo wala kosa la mama, na mume anayemrudisha mkewe kwao kwa ajili hiyo huongeza dhuluma juu ya msiba. Jeraha lenyewe la ubongo halienei. Kinachoharibika mwaka hata mwaka ni mwili: msuli usionyooshwa hufupika, goti hujikunja likagoma kunyooka, na nyonga huweza kuteguka polepole. Mtoto ambaye angefundishika kukaa akiwa mdogo, akiachwa hadi miaka 10, hata kumvika nguo huwa taabu.

Katika miaka ya 1940, mjini London, Berta Bobath na mumewe Karel, aliyekuwa daktari, walianza kuwatibu watoto wa namna hii kwa mikono. Walimshika mtoto kwa namna ya kulegeza ukakamavu wake, kisha wakauongoza mwili wake katika mwendo ulio sawa. Mafundisho yao yalienea duniani. Baadaye uchunguzi uliyasahihisha kwa sehemu. Mwaka 2013 Iona Novak na wenzake, wa Australia, waliokusanya matokeo ya tafiti nyingi, walionyesha kuwa mtoto hunufaika zaidi anapotenda mwenyewe jambo analolitaka, tena na tena, katika maisha yake ya kila siku, kuliko anaponyooshwa na mtu mwingine huku yeye ametulia tu. Hata hivyo wazee hao wawili wasibezwe. Waliwafundisha wazazi namna ya kumbeba, kumvika na kumlisha mtoto, na faida ya jambo hilo ingalipo.

Maana yake kwa nyumba ya mkulima ni kubwa. Mtaalamu wa tiba ya viungo humwona mtoto kwa nusu saa. Saa zilizobaki ni za nyumbani. Mtoto ambaye miguu yake hupishana abebwe ubavuni, mguu mmoja mbele na mmoja nyuma ya kiuno cha mama, ili mapaja yatanuke. Gunia lililokunjwa kama mto likiwekwa chini ya kifua chake, atainua kichwa na kunyosha mikono. Lakini kitu cha kufikia lazima kiwepo, kikombe kinacholia au kipande cha ndizi, maana bila kitu hicho hana sababu ya kujitahidi. Mwenye mkono mmoja dhaifu apewe kazi ya mkono huo, kama kushika bakuli au kuokota maharage. Asivutwe viungo kwa nguvu hata akalia, wala dawa ya kifafa isikatizwe kwa sababu mazoezi yameanza. Na asilishwe akiwa chali. Chakula hupotea njia kikaingia mapafuni, na watoto wengi wa aina hii hupotea kwa nimonia. Aketishwe, kichwa kiinamishwe mbele kidogo.

Chama kinahusika vipi? Mwaka 1995, mjini Manchester, Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika ulipitisha misingi saba, na wa saba ni kuijali jamii. Msingi huo husomwa katika semina, ukasahauliwa katika bajeti. Kliniki humtaka mtoto arudi mara kwa mara mwaka mzima, ilhali mkulima hushika fedha kwa msimu. Ndiyo sababu mama wengi huenda mara mbili wakakoma, nao huambiwa hawajali. Halmashauri yaweza kupeleka mbele ya mkutano mkuu pendekezo la mkopo wa nauli, utakaokatwa katika malipo ya mazao. Wanachama majirani nao waweza kupokezana kuchuma, ili mama apate asubuhi mbili kwa juma.

Katibu anayelijua daftari lake anazijua nyumba hizo bila kuuliza. Aanze na moja, aende mwenyewe, na apige hodi mchana.

Tena kuna kazi ya fundi seremala. Mwaka 1987 David Werner, aliyefanya kazi na wanakijiji wenye ulemavu katika milima ya magharibi ya Mexico, alitoa kitabu kilichojaa vifaa vya miti na mianzi vinavyotengenezwa kijijini. Kimojawapo ni fito mbili sambamba juu ya nguzo fupi, ambazo mtoto aliyeanza kusimama huzishika akipiga hatua. Mbao za mabaki ghalani zatosha. Fundi apime kwanza kimo cha nyonga za mtoto, kwa kuwa fito zilizowekwa juu mno humfanya aning'inie kwa makwapa badala ya kukanyaga.