Bisibisi na Mrithi Wake

 

Sisi tuliovuka miaka sitini tunakumbuka adha ya kupiga simu India. Tulikwenda posta, tukaandikisha namba ya Rajkot au Jamnagar, tukakaa kwenye benchi kungoja. Laini ikipatikana, tulipaza sauti, tukasikia nusu ya habari, na dakika zikaisha. Ndiyo sababu leo tunapenda kumtaja mtu aliyeuonja uchungu huo, akautafutia dawa: Sam Pitroda.

Alizaliwa mwaka 1942 huko Titlagarh, Odisha, katika familia ya Kigujarati iliyokwenda huko kutafuta riziki, kama wazee wetu walivyovuka bahari kuja pwani hii. Ukoo wake ni wa maseremala. Alisoma fizikia Vadodara, na mwaka 1964 akaenda Chicago kusomea uhandisi wa umeme. Hadi siku hiyo alikuwa hajapata kupiga simu maishani mwake. Hata hivyo, huko ugenini alizama katika mitambo ya simu, hasa ile ya kidijitali inayomuunganisha mpigaji na mpigiwa pasipo opereta. Mwaka 1980 kampuni aliyoshiriki kuijenga ilinunuliwa na kampuni kubwa, naye akawa tajiri.

Angeweza kustarehe. Lakini alipofika Delhi mapema katika miaka ya 1980, alijaribu kumpigia mkewe Chicago, akashindwa. Mwaka 1984 serikali ya India ilianzisha kituo cha C-DOT, chenye miezi 36 na rupia milioni 360 za kukamilisha kazi. Pitroda alikitumikia kwa mshahara wa rupia moja kwa mwaka. Wahandisi vijana wa kituo hicho walibuni mtambo mdogo wa laini 128 kwa ajili ya vijiji. Mitambo ya kigeni ilidai chumba chenye kiyoyozi, ila huu ulistahimili joto na vumbi. Mwaka 1986 uliwekwa Kittur, Karnataka. Kisha vibanda vya simu vyenye vibao vya manjano vikaenea nchi nzima, na wengi wakapata riziki humo, wakiwemo watu wenye ulemavu.

Kwa nini tunayasema haya hekaluni? Kwa sababu habari hii inatugusa penye kidonda. Sisi tuliojaliwa maduka ya redio na karakana tuliufungia ufundi wetu ndani ya familia. Kijana wa jirani alifagia duka, akabeba masanduku, akatumulikia tochi tulipofungua redio. Lakini bisibisi hatukumkabidhi. Leo watoto wetu wako Leicester na Toronto, na bisibisi ile haina mrithi.

Wahenga walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ya Pitroda ilikuwa India. Yetu ni ipi? Wengi wetu tumezaliwa hapa, na wazazi wetu tumewaaga kwa moto wa hapa. Basi deni letu liko hapa, kwa majirani hawa tuliokaa nao leo.

Tunaomba, kwa idhini ya wadhamini, chumba cha nyuma ya ukumbi kifunguliwe kila Jumamosi kwa watoto wa mtaa, bila kuulizwa dini wala kabila. Sisi wazee tutaleta redio mbovu, simu mbovu, kompyuta kuukuu, na subira. Nanyi vijana mlio ng'ambo, mkija Diwali, mtuletee saa mbili za elimu yenu. Hiyo pia ni seva, utumishi mbele ya Mungu.

Bwana Vishwakarma, fundi wa miungu, aibariki mikono yetu, na mikono tutakayoifundisha.